Stata nzito katika gari la zamani: Kabla ya kununua betri, pima nyaya

KATIKA vilima vya Marani, Kaunti ya Kisii, mwenye gari la zamani huweza kutambulika kwa namna anavyoliegesha. Huliacha likiwa limeelekeza pua mteremkoni, hata kama pana uwanja tambarare hatua chache mbele, na huweka jiwe kubwa mbele ya gurudumu. Alfajiri anapotaka kwenda mjini Kisii, haisumbui stata yake. Huondoa jiwe, akaliachilia gari liserereke, kisha akaachia klachi ghafla likiwa katika gia ya pili, na injini ikashika.

Mbinu hiyo huokoa asubuhi moja, lakini si salama. Katika magari mengi ya petroli yenye kisaidizi cha breki, kisaidizi hicho hutegemea mvuto wa hewa unaotokana na injini inayozunguka. Injini ikiwa imezima, dereva hubakiwa na msaada wa kukanyaga breki mara moja au mbili tu. Baada ya hapo pedeli hukakamaa na gari huhitaji nguvu nyingi za mguu ili lisimame. Katika mteremko wa matope, wakati wa mvua, watoto wakielekea shuleni na wakulima wakipeleka ndizi sokoni, hilo si jambo la kufanyia mzaha. Isitoshe, usukani wa magari mengi hujifunga ufunguo unapotolewa, na dereva anayesahau jambo hilo hulikumbuka akiwa tayari bondeni.

Gharama ya pili ni ya mfuko. Stata ikiwa nzito, yaani inaizungusha injini kwa kusuasua, wengi hukimbilia kununua betri mpya. Tatizo lisipokwisha hununua stata nyingine, mara nyingi iliyotumika. Maelfu ya shilingi huteketea, ilhali kosa lilikuwa katika kipande cha waya au kifungo kilichoshika kutu. Uchunguzi wa nusu saa, kwa kipima umeme cha bei nafuu kinachouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme, ungeonyesha mahali penyewe.

Magari yanayohusika ni yale ambayo Wakenya wengi waliyafahamu utotoni. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ndugu yake, Peugeot 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na baadaye kuunganishwa nchini Kenya pia, ilishinda mwaka 1975 na 1978, na kwa miaka mingi ilibeba abiria wa masafa marefu kati ya miji ya nchi hii. Datsun, Land Rover na Volkswagen ya mgongo wa kobe nazo zingali zinaonekana mashambani. Kwa kuwa Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, magari haya hayana warithi wanaotoka ng’ambo. Aliye nalo hana budi kulitunza.

Ili kuelewa ugonjwa wa stata, ni vyema kwanza kujua ukubwa wa kazi yake. Stata ya umeme ilianza kuuzwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912 nchini Marekani, kutokana na kazi ya mhandisi Charles Kettering, na kabla ya hapo madereva walizungusha injini kwa mpini wa chuma. Kazi ya mkono ule sasa hufanywa na mota ndogo ambayo, katika gari la petroli lenye silinda nne, aghalabu hutumia kati ya ampea 100 na 200. Taa mbili kubwa za mbele kwa pamoja hutumia ampea 9 hivi. Kwa hivyo kuwaka vizuri kwa taa au kulia kwa honi si ushahidi kwamba njia ya umeme ya stata ni nzima. Njia inayotosha taa yaweza kuwa nyembamba mno kwa stata, kama vile mfereji unaomwagilia bustani usivyoweza kuzungusha kinu.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Tuseme pana kutu kati ya kichwa cha betri na kifungo cha waya wake, na kutu hiyo ina ukinzani wa mia moja ya omu, yaani 0.01. Vipimo vya kawaida vya gereji haviwezi kuusoma kwa uhakika ukinzani mdogo kiasi hicho. Lakini ampea 150 zikipita hapo, volti 1.5 hupotea. Volti hizo hazitoweki hivi hivi. Hugeuka kuwa joto la wati 225 mahali padogo penye ukubwa wa kidole gumba. Ndiyo maana fundi mzoefu, baada ya kupiga stata kwa sekunde kadhaa, hupitisha mkono taratibu juu ya vifungo vyote. Kile kilichopata moto ndicho mshukiwa wa kwanza.

Kabla ya kipimo chochote, gari liwekwe mahali tambarare, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Katika injini ya petroli, waya mnene wa katikati unaotoka kwenye koili huchomolewa na kushikizwa kwenye chuma cha injini, ili injini izunguke bila kuwaka. Sigara na taa ya kibatari ziwe mbali, kwani betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka na kurusha asidi usoni. Stata isipigwe zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo mmoja, na ipewe dakika moja au mbili za kupoa.

Betri ndiyo inayochunguzwa kwanza, kwa sababu bila betri nzima vipimo vingine vyote hudanganya. Baada ya gari kulala usiku kucha bila kutumiwa, betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6. Ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi ya nguvu zake, na ikiwa 12.0 imekaribia kuisha. Betri ina chemba sita, kila moja ikitoa volti 2.1, na kwa hivyo inayokwama kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa karibu kila mara ina chemba moja iliyokufa. Kwa betri zenye vifuniko, haidromita hutoa ushahidi bora zaidi: asidi ya betri iliyojaa husoma 1.265 hivi, na chemba moja ikitofautiana na nyingine kwa 0.050 au zaidi, betri hiyo haina maisha marefu.

Ikiwa betri iko chini lakini chemba zake zinalingana, ichajiwe kwanza. Pengine haina kosa, bali hailishwi. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, alteneta nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.4. Gari linalofanya safari fupi fupi, taa zikiwa zimewashwa kwa sababu ya ukungu na mvua, huweza kutumia umeme mwingi kuliko linaorudisha.

Betri ikiwa imejaa, hufuata kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Vidole vya kipima umeme huwekwa kwenye vichwa vyenyewe vya betri, vile viwili vya risasi, wala si kwenye vifungo vilivyovizunguka. Msaidizi hupiga stata. Volti zitashuka, hilo ni la kawaida. Zikibaki juu ya 9.6, betri imestahimili. Kisha vidole huhamishiwa kwenye stata: kimoja kwenye bolti inayopokea waya mnene, kingine kwenye mwili wa stata. Stata hupigwa tena. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ni volti zilizopotea njiani.

Chukua mfano wa gari ambalo betri yake husoma 12.5 ikiwa imetulia na 11.0 stata inapopigwa, lakini kwenye stata hufika 8.6 tu. Volti 2.4 zimepotea, zaidi ya sehemu moja ya tano ya zile zilizotoka. Hakuna haja ya kununua betri wala stata. Kazi iliyobaki ni kumtafuta mwizi kwa kupima kila kiungo kikiwa kazini, kidole kimoja kabla yake na kingine baada yake. Huenda ikapatikana 0.8 kati ya kichwa cha chanya na kifungo chake, 0.3 katika waya mnene na solenoidi, ile swichi kubwa ya sumaku, 0.1 kati ya hasi ya betri na bodi, na 1.2 kati ya bodi na injini. Jumla ni 2.4. Kwa kawaida upande wote wa chanya haufai kupoteza zaidi ya nusu volti, na upande wa hasi usizidi 0.2 au 0.3. Katika mfano huu, vifungo viwili tu ndivyo vinavyolitesa gari zima.

Upande wa hasi, ambao mafundi huuita athi, husahauliwa kuliko wote. Umeme unaoingia kwenye stata sharti urudi kwenye betri, na injini ya gari hukaa juu ya mipira isiyopitisha umeme. Njia ya kurudi ni utepe au waya mmoja unaofunga injini au gia kwenye bodi. Waya huo hukaa chini, hurushiwa matope, hulowa maji na mafuta, na katika nyanda za juu za Gusii, ambako mvua ya mwaka kwa kawaida hupita milimita 1,500, huoza bila yeyote kuutazama. Ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, na mara nyingi huipata katika kebo ya choki au ya kuongezea mafuta. Dereva anayehisi kebo hizo zina moto baada ya kupiga stata amepewa jibu bila kipimo chochote.

Kuna pia gari linalopelekwa kupigwa rangi likiwa zima na kurudi likiwa linang’aa, lakini stata ikiwa nzito. Mpaka rangi amefanya kazi yake vyema mno: amepaka hadi pale ambapo waya wa athi hufungwa. Rangi haipitishi umeme. Mahali hapo pakwanguliwe hadi chuma kionekane, pafungwe kwa nguvu, kisha papakwe grisi juu.

Asiye na kipima umeme anaweza kutumia waya mnene wa kuazimia umeme kati ya magari. Mwisho mmoja hubanwa kwenye chuma safi cha injini na wa pili kwenye kichwa cha hasi cha betri, kisha stata hupigwa. Ikizunguka kwa wepesi, athi ndiyo mbovu. Tahadhari: magari mengi ya Uingereza yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zikiwemo Land Rover za mwanzo, yalitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Mwenye gari la namna hiyo athibitishe kwanza upande gani uko wapi.

Kusafisha vifungo ni kazi ya dakika chache, ingawa wapo wanaoridhika kupachika msumari kati ya kifungo na kichwa cha betri ili kibane. Msumari hubana kweli, lakini hugusa sehemu ndogo tu, na umeme mwingi haupiti mahali padogo. Waya wa upande uliofungwa kwenye bodi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana isije ikasababisha cheche. Unga mweupe au wa kijani huoshwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji, bila kuruhusu tone kuingia ndani ya chemba. Risasi husuguliwa hadi ing’ae. Waya uliovimba chini ya ngozi yake, au uliogeuka mweusi ndani, hauoshwi. Hubadilishwa kwa mwingine wenye unene ule ule au zaidi. Waya mwembamba wa bei rahisi ni ugonjwa ule ule ulionunuliwa upya.

Je, kama volti zinafika kwenye stata bila kupotea, na bado inasuasua? Basi kuna njia mbili, na betri ndiyo inayozitenganisha. Ikiwa betri nzima inashuka sana, mathalani chini ya volti 9.6, stata inakula umeme kupita kiasi: ama injini ni ngumu kuzunguka, ama kuna jambo ndani ya stata linalokwamisha. Lakini ikiwa betri haishuki sana na stata inazunguka polepole, basi stata haili umeme wa kutosha, na shaka huangukia kaboni zake.

Injini ngumu hutambuliwa kwa kuizungusha kwa mkono, plagi zikiwa zimetolewa, kwa spana kwenye bolti ya mbele au, katika Land Rover za zamani, kwa mpini wake. Oili nzito kupita inayopendekezwa huongeza mzigo asubuhi yenye baridi. Gari likiwa na gia za mkono, kukanyaga klachi wakati wa kupiga stata hulitenga sanduku la gia na oili yake nzito. Tofauti ikisikika, sehemu ya tatizo imejulikana. Cheche inayowahi mno nayo huirudisha injini nyuma kabla ya pistoni kufika juu, na stata husikika kana kwamba inapigana na mtu. Hilo hurekebishwa kwenye distribyuta, si kwenye stata. Peugeot za dizeli zina hesabu yao, kwani injini ya aina hiyo hukandamiza hewa zaidi ya mara 20, na betri inayotosha ya petroli haitoshi hapo.

Ndani ya stata, kaboni ni vipande vinavyopeleka umeme kwenye pete ya shaba ya kiini kinachozunguka. Huisha kwa msuguano, na vumbi lake likichanganyika na oili inayovuja kutoka juu, hukwama katika vishikio vyake. Ndiyo sababu kuigonga stata kwa spana wakati mwingine huiamsha: kaboni iliyokwama husogea na kugusa shaba. Anayefaulu kwa njia hiyo asishangilie sana, maana amegundua ugonjwa, hajautibu. Kaboni zilizobaki nusu ya urefu wake hubadilishwa, na shaba husafishwa kwa msasa laini wa kawaida. Vumbi la msasa wowote lisiachwe katika mianya ya shaba.

Bushi ndizo zinazohitaji jicho kali. Hizi ni pete zinazobeba ekseli ya kiini, na zikichakaa kiini huyumba na kusugua vyuma vya sumaku vilivyokizunguka. Fundi akifungua stata na kuona alama zinazong’aa kwenye vyuma hivyo, hana haja ya kutafuta zaidi. Dalili yake kabla ya kufungua ni gari linalowaka vizuri asubuhi na kugoma likiwa moto, mathalani baada ya kupanda mlima na kusimama kidogo sokoni. Joto huongeza ukinzani wa shaba kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, hivi kwamba digrii 50 huongeza takriban asilimia 20. Stata yenye bushi nzima humudu ongezeko hilo. Yenye bushi mbovu hulemewa.

Wenye Volkswagen ya mgongo wa kobe wana sababu ya kuwa makini zaidi. Katika mengi ya magari hayo, bushi inayobeba ncha ya stata haimo ndani ya stata yenyewe, bali imepachikwa katika ganda la sanduku la gia. Stata ikitolewa, bushi hubaki garini. Mtu aweza kubadilisha stata mara mbili na kila mara akarudia uzito ule ule, kwa kuwa kipande kidogo kilichochakaa hakijaguswa. Pia waya wake wa athi uko mbele ya sanduku la gia, chini ya gari, ambako hauonekani mpaka mtu alale chali.

Baada ya matengenezo, vipimo vile viwili, kwenye vichwa vya betri na kwenye stata, hurudiwa na tarakimu kuandikwa ndani ya kifuniko cha boneti au katika daftari la gari pamoja na tarehe. Msimu wa mvua ndefu unapokwisha, kwa kawaida kufikia Juni, vipimwe tena. Vikitofautiana na vya awali kwa zaidi ya nusu volti, kiungo fulani kimeanza kushika kutu, na hutafutwa mapema, gari likiwa lingali linawaka kwa ufunguo.